Mama wa Baba, Baba wa Mama

Nyanya mpendwa,

Goti linaendeleaje? Hapa Nairobi ni manyunyu na baridi tangu nifike. Mjomba, anayempikia Mzungu huku Kileleshwa, amenichemshia viazi vitamu, lakini leo hata viazi havishuki.

Hapa binamu Yohana anayekusomea ashushe sauti.

Mjini, kwenye mafunzo yetu ya walimu wa hesabu, mhadhiri alituambia kwamba sentensi moja yaweza kuwa kweli katika ulimwengu mmoja na uongo katika mwingine. Akaandika ubaoni: "Ukigeuza mpangilio, jibu ni lile lile." Kwa namba ni kweli: mbili mara tatu, tatu mara mbili. Kisha akaninyooshea chaki. "Na katika ukoo, Mwalimu? Mama wa baba, baba wa mama?"

Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikajibu kwa sauti ya darasani: "Jibu ni lile lile, bwana!"

Ukumbi ulicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze. Baadaye mhadhiri alisema Ulaya wanaunda mashine zinazofuata kanuni bila kujua zinahusu nini. Hakunitazama. Wenzangu walinitazama.

Wewe uliyenilea tangu mama afariki, nimekufanya mzee wa ndevu mbele ya watu. Nisamehe, Nyanya.

Ukikutana sokoni na babu mzaa mama, msalimie sana, ila usimwambie kwamba huku Nairobi yeye na wewe ni mtu mmoja.

Mungu akulinde.
Mjukuu wako Wafula, uso chini