Cherehani Uliyowaahidi Wasomaji

Mama yangu,

Nakubusu mkono, ule wa kulia wenye kovu la pasi. Ni mimi, Zuhura. Miezi mitano sasa tangu ututoke, na mara zote nilizoshika kalamu nimeishia kwenye salamu, kwa sababu nina jambo la kukiri kwako na jambo lenyewe linanitia haya. Leo Jumamosi ofisi imefungwa, Baba yuko chini barazani. Nitaandika mpaka mwisho.

Kwanza pokea habari njema: Kikapu hakikufa.

Najua ungeuliza hilo kabla ya kuniuliza kama nimekula. Gazeti lako, Mama, lile ulilokuwa ukiliandika kwa mkono kila mwezi kwenye karatasi za daftari, na karatasi za kaboni katikati, nakala nne kwa mkandamizo mmoja. Nakala zile zilipita nyumba kwa nyumba hapa Kibokoni mpaka pembe zake zikawa laini kama kitambaa. Mimi nilikuwa nalionea haya. Hilo nalo nalikiri. Nilipokuwa shule wenzangu walinicheka, "Mamako kaandika tena habari za biringani," nami nikajibu kwamba simjui anayeliandika.

Ulianza mwaka wa tisini na mbili, baada ya ushindi wako. Kwa miaka ulikuwa ukikata kuponi za mashindano ya wasomaji, hata kwenye magazeti yaliyofungiwa samaki, ukazianika dirishani, ukazipeleka posta. Siku moja jina lako likatoka. Zawadi ilikuwa kalenda, na mwaka wenyewe ulikuwa umeshafika nusu! Hata jina walilikosea, wakaandika Mwanamisi badala ya Mwanaisha. Lakini ulilisoma gazeti lile kwa sauti ukumbini sijui mara ngapi, ukatuambia, "Raha si kalenda. Raha ni mtu asiyekujua kulitaja jina lako." Mwezi uliofuata ukatoa toleo la kwanza la Kikapu, na ukurasa wa mwisho ukaweka zawadi kwa msomaji: chupa ya achari ya ndimu. Baba akauliza, "Na hii si kamari?" Ukavaa buibui lako ukaenda kumuuliza mwalimu wa madrasa, ukarudi na jibu kabla chai haijapoa. "Hakuna anayetoa hata ndururu, kwa hivyo ni zawadi."

Jamani, yale yaliyokuwa yakikushika! Kulikuwa na mwezi wa mtindi, kila bakuli limefunikwa na kukatazwa kuguswa. Kulikuwa na mwezi wa rangi ya kijani, ulioanza na kigoda kimoja ukaishia kwenye mlango wa choo na kifuniko cha birika. Mwezi wa biringani Baba alitazama sahani yake akauliza, kwa adabu, kama kuku wamehama Mombasa. Na mwezi ule wa kutembea, ambao niliupenda kuliko yote ingawa sikukuambia. Tulikuwa tukitoka baada ya alasiri, mimi na wewe, mpaka Kizingo, kutazama miti ya watu. Ulisimama nje ya mageti ya wakubwa ukawauliza mabawabu majina ya maua, na wasipojua ukawaambia waulize ndani, wewe utarudi kesho. Na ukarudi. Bawabu mmoja alikuwa ameyaandika majina matatu kwenye kiganja chake asiyasahau. Yote hayo ukayaandika Kikapuni, na wanawake wakayasoma, wakajibu maswali yako kwenye vikaratasi, wakavitumbukiza katika ule mkebe wa biskuti chini ya ngazi. Sheria uliiandika kwa kalamu nyekundu: watu wa nyumba hii hawaruhusiwi kushiriki.

Halafu miguu ikaanza kuvimba na pumzi ikawa nzito. Daktari akakukataza kukanyaga cherehani. Ukatii, na kutii kwako kulitutisha kuliko ugonjwa wenyewe. Kisha ukatoa toleo ambalo hatukujua kuwa ni la mwisho. Ukurasa wa zawadi ulisema hivi: "Mwezi huu natoa cherehani yangu. Haipendi kukaa bure. Swali: ukiipata, utashona nini kwanza? Jina litatolewa Ijumaa ya kwanza."

Ijumaa hiyo haikukukuta. Ulitutoka Jumanne baada ya adhuhuri, na kabla ya magharibi tulikuwa tumeshakuzika.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Matanga yalipokwisha, mkebe ulikuwa bado chini ya ngazi, umejaa. Niliuchukua nikausukuma mvunguni mwa kitanda changu. Cherehani nikaifunika kwa shuka mbili. Mama, wewe wanijua, mimi hata kutia uzi sijui. Lakini pale kwenye kikanyagio chuma kimeng'aa kwa unyayo wako, na kila nikirudi kazini nilikuwa napaweka mkono pale kabla sijavua viatu. Niliona kwamba watu wakiibeba kushuka nayo ngazi litakuwa jeneza la pili. Sikuweza.

Wanawake wa mtaa wana adabu, hakuna aliyeuliza. Mpaka mwezi wa pili, Bi Salma wa nyumba ya pembeni alipokuja na sahani ya mahamri, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Zuhura, na ule mkebe, mwanangu?"

Nikamjibu pale pale, "Mama alisema kabla hajafa, zawadi imefutwa."

Alinitazama. "Haya," akasema. "Kama ni yeye aliyesema." Akateremka ngazi pole pole, akishika ukuta.

Nilikutia maneno kinywani, Mama, na wewe huna tena namna ya kukanusha. Nililia siku ile kuliko siku ya maziko, na bado mkebe sikuutoa.

Kisha akaja Kadzo. Wewe na yeye hamkuwahi kuonana. Ni Mgiriama, afua nguo katika maghorofa ya Ganjoni, na nakala yako moja ilikuwa ikimfikia kupitia kwa binamu wa Bi Salma anayekaa huko. Alipanda ngazi zetu Jumamosi moja asubuhi, akavua viatu mlangoni, akanipa pole kana kwamba umefariki jana. Nikadhani amefuata cherehani. Nikaanza kujikaza, uongo wangu uko tayari ulimini.

Akasema, "Dada, sikuja kuuliza zawadi. Nauliza gazeti. Kule twalisoma wanne, wenzangu hawajui kusoma, mimi ndiye nawasomea tukingoja nguo zikauke. Mwezi ukiisha waniuliza, 'Mama Kikapu kasemaje?' Na mimi sina la kuwaambia. Hata ukiwa ni ukurasa mmoja, dada."

Mama Kikapu. Kule Ganjoni hilo ndilo jina lako, na hukupata kulisikia.

Alipoondoka niliuvuta mkebe kutoka mvunguni nikakaa nao sakafuni. Vikaratasi thelathini na moja. Mmoja aliandika kwamba atashona pazia la chumba kisichokuwa na mlango. Mwingine foronya, azipeleke wodi ya wazazi. Mwingine buibui la mama mkwe, "labda atanipenda." Cha Kadzo kilikuwamo pia, ingawa hakukitaja: sare ya shule ya binti yake Dama, kwa sababu sketi aliyo nayo ni ya dada yake na yamfika vifundoni.

Halafu nikakuta kimoja kimetiwa sahihi "Bi Fulani wa Orofani." Kilisema: "Nitashona mfuko wa shati langu la buluu, ambao mwenye gazeti ameahidi kuushona tangu Ramadhani."

Hati ile naijua tangu sijajua kusoma. Herufi zimelala upande mmoja kama watu wanaopigwa na upepo. Ni hati ya mtu aliyekuwa karani wa bandarini kwa miaka ishirini na saba. Nikacheka, Mama. Kwa mara ya kwanza tangu ututoke nilicheka kwa sauti, mpaka Baba akaja mlangoni kuuliza kuna nini. Nikampa karatasi. Akaisoma kama aliyeandikiwa yeye, akakaa kitandani.

"Nilijua ataitambua hati," akasema. "Nilitaka acheke atakapokuwa akitoa jina."

Basi na mimi nikamwambia yote, mkebe, Bi Salma, uongo. Nilingoja anikemee. Alikikunja kile kikaratasi vizuri, akanirudishia. "Basi iwe Ijumaa, mwanangu. Umewachosha watu kungoja."

Nikakaa na karatasi za kaboni nikaandika toleo langu la kwanza. Lilikuwa na mistari michache tu: "Kikapu kinawaomba radhi. Mwanaisha hakufuta zawadi. Aliyefuta ni mimi, binti yake, na sikuwa na idhini. Njooni Ijumaa baada ya alasiri."

Walikuja. Ukumbi ulijaa, wengine wakakaa kwenye ngazi. Kadzo alikuja na wenzake watatu wa Ganjoni, wote wamevaa leso mpya. Nilisimama nikayasema kwa mdomo wangu yale niliyoyaandika.  Nilipomaliza, Bi Salma akasema, "Tulijua. Mamako hakuwahi kufuta kitu maishani mwake. Hata akikosea neno, huandika jingine juu yake." Watu wakaangua kicheko. "Haya, utingishe huo mkebe!"

Kikaratasi cha Baba nilikitoa kwanza, kwa mujibu wa sheria. Alilalamika, lakini nikampa kazi ya kuchagua jina. Akafumba macho, akatia mkono. Jina lililotoka ni Bi Rehema.

Ndiyo, Bi Rehema wetu, jirani tunayegawana naye ukuta, ambaye haoni vizuri tangu mwaka juzi. Jibu lake aliandikiwa na mjukuu wake. Nililisoma mbele ya wote: "Sitashona kitu. Nataka kuisikia."

Hakuna aliyecheka. Bi Rehema alikuwa ameketi karibu na dirisha, mikono magotini. Akasema, "Mato yangu hayaoni tundu ya sindano. Lakini miaka ishirini nimejinyosha kila mchana nikisikia cherehani hino ukutani. Sasa nyumba imenyamaza, hata usingizi hauji. Ileteni kwangu, na mwenye nguo aje ashone. Mlango wangu u wazi."

Wanawake sita waliishusha, kila mmoja akiwaelekeza wenzake, hakuna anayesikilizwa. Kikanyagio kikagonga ngazi ya tatu, mtu akapiga kelele kwamba ni kidole chake, Bi Salma akapiga kigelegele. Nilifuata nyuma nimebeba kibweta cha nyuzi. Haikufanana na jeneza, Mama. Haikufanana hata kidogo.

Tangu siku hiyo kwa Bi Rehema hakukauki watu. Zile foronya zimekwisha na zimepelekwa. Dama ana sketi yake, na mamake ndiye aliyenifundisha kutia uzi, kwa subira ambayo wewe na mimi hatukuwa nayo. Mfuko wa Baba nimeushona mimi mwenyewe. Umekwenda upande, lakini ameuvaa hivyo hivyo msikitini, Ijumaa mbili mfululizo, na kila anayemuuliza amwambia bei yake ni siri.

Kikapu nimeshakitoa mara tatu. Nilihofu kwamba sina kitu kinachonishika kama wewe. Toleo la pili nilikaa wiki nzima mbele ya karatasi tupu. Kisha asubuhi moja, nikikata kupitia Marikiti kwenda kazini, nilimwona mchukuzi mmoja akichagua mananasi kwa kuyanusa kitako, akiyasikiliza kwa kuyapiga kofi, akayapanga mafungu matatu: la leo, la kesho, la wageni. Nikamuuliza. Akanieleza. Nikauliza tena. Nilipotazama saa nilikuwa nimechelewa saa nzima. Nilichelewa kazini kwa ajili ya nanasi, Mama. Mimi! Nilikimbia mpaka ofisini nikicheka peke yangu, na habari ile ikajaza kurasa mbili.

Na jana Baba ameniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. Aomba nafasi katika toleo lijalo. Ameipa kichwa: "Namna ya Kupika Chai ya Watu Wawili." Nakunakilia mwanzo wake, maana najua ungetaka uwe wa kwanza kuusoma:

"Wasomaji wapendwa, msipime maji kwa mazoea. Mimi kwa miezi minne nilipika chai ya watu watatu, ikawa kila asubuhi kuna kikombe kinabaki. Si vibaya kukosea. Pima upya, tia iliki mbili, na ukae uinywe na aliyeko."

Sikubadilisha hata nukta.

Nakuaga sasa, Mama. Mola akupe nafasi pana huko uliko, na majirani wenye mazungumzo, wasiochoka kuulizwa maswali. Kila Ijumaa tutakusomea, mimi na Baba. Nami nakuahidi sitakusemea tena neno usilolisema, wala sitasukuma mvunguni kitu ambacho watu wanakingoja. Kikapu kitatoka kila mwezi. Mwezi nikiwa sina la kusema nitaandika kwamba sina la kusema, na zawadi nitaiweka vivyo hivyo, na jina la mtu nitalitaja kwa sauti, bila kulikosea.

Mwanao,
Zuhura