Nepi Ulizonipa Nilipoolewa

Dada mpenzi, shikamoo.

Huku tunasukuma siku. Shemeji yako ndiye mpishi sasa. Uji wake una mabonge, ila nanywa nikisifia.

Mionzi ya kutibu saratani ya mlango wa kizazi imeniunguza kinenani hadi ngozi inachubuka. Nesi kanikataza sabuni za manukato na nguo za kubana. Nioge maji ya uvuguvugu, nisijisugue, nijikaushe kwa kugusagusa tu na kitambaa laini cha pamba.

Taulo zetu zinakwaruza kama msasa. Nikafungua zile nepi za pamba ulizonipa nilipoolewa. Bado zilikuwa na mikunjo ya dukani. Daktari alishasema sitazaa. Sasa zimngoje nani?

Ni laini mno, dada. Ulichagua vizuri.

Mdogo wako mbishi