Aliyemtaja Abu Yazan

Amman, Jumanne

Kwako Mama mdogo Inaam,

Salamu nyingi, na pole tena kwa msiba. Mguu unaendeleaje? Na dawa ya presha unaimeza, au unamdanganya daktari kama kawaida yako? Sisi wazima. Mama anasema ukimaliza eda uje ukae nasi huku.

Ulinituma nichunguze ni nani aliyemtia marehemu mumeo kwenye orodha ya jeshi ya watu wa kuuawa. Ulisema una hakika ni Munir, fundi simu, na kwamba umeshamwita msaliti mbele ya wateja wake. Nimechunguza.

Kazi yangu unaijua: miaka tisa sasa natafiti namna majeshi yanavyotumia akili bandia, hizo mashine zinazosikiliza simu za watu na kuamua nani ni mpiganaji. Wiki iliyopita tulikuwa na mkutano hotelini. Bwana mmoja wa suti alituonyesha picha za gari zilizopigwa kutoka angani, kabla na baada ya kombora. Nililitambua kwa matangi yake ya maji: lilikuwa la mumeo. Akasema mashine yao inapatia mara tisini na mbili kwa mia, na watu wakapiga makofi huku wakilamba vidoleni shira ya keki ya kunafa. Nikatoka nje.

Baadaye nikamwendea, nikamuuliza yule muuza maji alikosa nini. Akanijibu bila hata kuweka sahani chini: "Dada, kwenye simu kila mtu anamwita Abu Yazan. Tumepekua daftari la vizazi, hana mtoto hata mmoja. Baba wa Yazan bila Yazan? Hilo si jina la kivita?" Kwetu nani asiyejua kwamba mwanamume asiyejaliwa mtoto huitwa hivyo kwa heshima? Na Yazan ndilo jina mlilomwekea mtoto mliyemngoja miaka ishirini.

Mama mdogo, Munir hana kosa. Kanuni ile, kwamba anayeitwa Abu fulani na hana mtoto wa jina hilo ashukiwe, niliiandika mimi. Imo katika ripoti yangu ya miaka sita iliyopita, ukurasa wa kumi na nne. Chini yake nilikuwa nimeeleza kwamba wako wasio na watoto, na mfano niliotoa ni mumeo. Mkurugenzi wetu, Dokta Shukri, akanicheka: "Binti, wakubwa wanataka kanuni, hawataki habari za jamaa zako." Nikayafuta maelezo yale kwa mkono wangu, na mwaka uleule nikapandishwa cheo. Wale wa hotelini wananichefua, lakini mimi najichefua zaidi.

Sikuombi msamaha. Nakuomba umwambie Munir, na mtaa mzima usikie, kwamba ulikosea, na jina langu ulitaje. Nasikia watu wameacha kuingia dukani kwake, naye ana watoto wanne.

Nisalimie majirani wote.

Ni mimi, ambaye umezoea kuniita mwanao,
Sawsan