Nyuzi Zangu Ubaoni

Jumamosi, 3 Mei
We mtoto huna adabu! Nani alikuruhusu kukata nyuzi zangu za sweta? Mjukuu huyu anasomea takwimu chuoni, na likizo hii anachora kila kitu. Alianza na paka — analala wapi, muda gani, kwa rangi. Paka! Sasa kapigilia misumari minne kwenye ubao sebuleni: mimi, baba yake, mama yake, yeye. Wawili wakizungumza, anafunga uzi kati ya misumari yao. Eti ni kujifurahisha tu, Bibi. Kwa sufi yangu nyekundu?

Jumanne, 6 Mei
Nimeuchungulia ubao. Fungu nene kuliko yote ni langu na mkamwana. Kumbe! Jirani alipokuja nikajigamba, mama mkwe kama mimi mtaa huu hakuna. Mkamwana hakucheka. Akasema, "Mama, nyuzi nyingi hapo si zetu. Ni za mwambie mama, mwambie mumeo."
Jirani akatazama msumari wangu na wa mwanangu. Katikati hewa tupu. Akaaga, chai bado ya moto.
Nimeaibika. Wala sijielezi. Mwanangu aliuza mashine yangu ya kufuma nikiwa msibani, bila kuniuliza. Aanze yeye.

Ijumaa, 9 Mei
Mezani. Mwanangu, macho kwenye sahani: mwambie mama huo ubao utolewe. Nami: mwambie mumeo ubao haung'oki. Mjukuu kainuka, kafunga nyuzi mbili, zote kwa mama yake. Kenge!

Jumapili, 11 Mei
Mkamwana kaja, kaishia mlangoni. Katumwa aniambie mumewe kesho analazwa, watampasua moyo. Moyo! Mtoto niliyemzaa mwenyewe, naletewa habari zake kama tangazo la kukatika maji.
Nikaanza: mwambie mumeo... Akanikatiza. "Mama, nimechoka kupokea huku na kupeleka kule. Chumba chake kile pale."
Namsikia mwanangu ng'ambo ya ukuta. Anakohoa. Anafungua kabati, anapanga begi. Nimesimama. Nimekaa. Miguu haina kosa, ni kichwa hiki.
Mtu anakwenda kupasuliwa na mama yake anangoja kuombwa radhi ya mashine! Lakini aliiuza. Aliiuza.
Mjukuu anapita ukumbini. Nimemwita. Kamwambie baba yako aje hapa sasa hivi, aniage kwa mdomo wake.