Nani Alizaliwa Ng'ambo ya Mpaka

Nyumbani, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lolote lingine. U mzima? Kifua kimeacha kukusumbua na hiyo baridi ya huko? Wapwa zangu hawajambo, na shemeji je? Sisi huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini sauti ni ileile. Akimwita mjukuu wake, watoto wa majirani wote wanaitika. Binti yangu ameota meno mapya ya mbele na anakuulizia kila siku, ingawa anamjua shangazi yake kwa picha tu.

Karakana inakwenda. Nashona makochi, gundi imenila vidole, wateja wanataka kochi la kifalme kwa kitambaa cha pazia. Lakini nimezunguka vya kutosha. Katika barua mbili umeniuliza kwa nini walifuta pasipoti yako wakati ulikwenda kuomba mpya tu. Mara zote mbili nilikujibu kwamba sijui. Nilikuwa najua.

Ni mimi, Chiriku.

Mwaka jana maofisa wa uraia walipita nyumba kwa nyumba kuhakiki vitambulisho. Aliyekuja kwetu alikuwa kijana mpole, hata chai alikubali. Alikuwa na karatasi kuukuu iliyosema Mama alijifungua mtoto mmoja ng'ambo ya mpaka, wakati alipokwenda kumuuguza bibi. Mwaka ulikuwa umefutika. Akaniuliza, "Sasa fundi, ni wewe au ni mdogo wako?"

Unajua vizuri kwamba ni mimi. Baba aliandikisha kuwa nilizaliwa hapa ili nisisumbuliwe shuleni, na nyumba nzima tukaimeza siri hiyo. Wiki ile nilikuwa nangoja kibali cha kushona viti vya ukumbi wa halmashauri, na bila kitambulisho hakuna kibali. Nikajiambia wewe uko mbali, una kazi, una mume, jambo hili halitakufikia. Nikamjibu kwamba ni mdogo wangu, nikatia sahihi.

Mama alikuwa palepale akichambua maharage. Hakuinua uso.

Kumbe pasipoti yako inasema ulizaliwa hapa, na ni kweli tupu. Walipoilinganisha na maelezo yangu wakakuona wewe ndiye mwongo, wakaifuta bila hata kukuuliza. Sasa huko unahesabiwa mgeni asiye na kwao, na huku kwenu hawakutambui. Ningekuwa wewe, barua hii ningeichana hapa.

Mwezi uliopita nilijikokota hadi kwa mwanasheria wa msaada wa bure, dada mmoja mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Alinikalisha kwenye kochi lililoshonwa vibaya kiasi kwamba nusura nisahau kilichonipeleka. Nilipomaliza kueleza alifungua Katiba akanisomea polepole. Mtoto wa raia ni raia, azaliwe hapa au kwingine, na mama peke yake anatosha. Tena hakuna ruhusa ya kumvua mtu uraia kabla ya kumsikiliza. "Kwa hiyo fundi, hata ungejitaja wewe, wangekurekebishia cheti tu," akasema.

Nilicheka kama mwehu. Nilikutosa mdogo wangu, na hata haikuwa lazima.

Siku ileile alinipa fomu ya rufaa. Nikaificha chini ya godoro siku ishirini na mbili, kila asubuhi nikisema kesho. Juzi Mama aliikuta akitandika. Kusoma kwake unakujua, lakini picha yako niliyoibana juu ilimtosha. Hakunigombeza. Aliketi kitandani akasema, "Na mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Mwandikie, na mimi usiniache nje."

Basi sikumwacha nje. Anakusalimu sana. Wifi yako anakusalimu. Nimemweleza yote na sasa nalala karakanani, juu ya sofa la mteja. Mjomba kinyozi naye anakusalimu, yeye bado hajui. Mungu akulinde wewe, shemeji na wanao, na akurudishie kilicho chako.

Fomu imo ndani ya bahasha hii, na lazima ifike kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ina mstari wa kumtaja aliyetoa taarifa za uongo dhidi yako. Mwanasheria alinieleza kwamba kwa kosa hilo naweza kushtakiwa, na kwamba si lazima mstari ule ujazwe. Nimeujaza kwa mkono wangu: jina langu, la baba, la babu, na namba ya kitambulisho. Imebaki sahihi yako tu. Itie, Chiriku, usinionee huruma.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata kama leo huwezi kuniamini,

Fundi.