Kambale Aliyekimbia Shukrani

Goma, Mapendo

Mama mpendwa,

Barua hii ikukute umeketi vizuri, na lile goti lako limetulia. Sisi huku tu wazima, yaani tunapumua, tunakula, na mlima unatuacha tulale. Je, maharagi yalivunwa kabla ya mvua? Baba mdogo bado anakataa dawa ya kikohozi? Barua nampa Muhindo, dereva wa kamiyo ya viazi, kwa kuwa yeye peke yake haogopi vizuizi vya waasi, au anaogopa lakini njaa yake imezidi woga.

Habari kubwa naisema mapema usije ukaitafuta chini. Mwanao Kambale hayuko tena kwangu. Ameondoka kuja huko Butembo, kwa miguu, kwa njia ya Rutshuru, na sijui amefika wapi. Hakuiba, hakupigana, wala hakumpa binti wa mtu mimba. Alikimbia kwa sababu watu walitaka kumshukuru.

Moto wa mlima uliposhuka ulipita katikati ya mtaa wetu, ukapoa ukawa jiwe jeusi lenye makali kama chupa iliyovunjika. Wanawake tulikuwa tunakwenda ziwani kuteka maji na kurudi miguu inatoka damu. Hakuna ofisi iliyokuja. Kambale alichukua nyundo, akaanza kuvunja, na Mama Furaha, jirani yangu mjane wa Rutshuru, akawa anachambua kokoto na kuzimwaga. Wengine wakaona aibu wakajiunga. Kifusi kilibebwa na ile chukudu yake, kile kigari cha mbao cha kusukuma ulichosema hakitamlisha mke. Leo njia ipo, hata vipofu wanapita. Shefu wa avenue yetu, huyo mkubwa wa mtaa, wakati huo alikuwa Gisenyi kwa wakwe zake, anakula sambaza, vile visamaki vya ziwani. Aliporudi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita pale na viatu vinavyong'aa, akasema njia ni nyembamba.

Basi juzi jioni ikapita gari kutoka Himbi, huko kwenye maofisi yenye majani yaliyokatwa, na kipaza sauti juu yake.

“Bavolontere bote ba Mapendo, kesho asubui mukuye ku tereni. Tunabahitaji.”

Mama, wewe hukuwepo waasi walipopita na neno hilohilo la volontere. Walisema wanataka volontere wa kulinda nchi, kwenye uwanja huohuo wa mpira. Vijana wakaenda kutazama, kama watu wanavyokwenda kutazama chochote, na kamiyo zikaziba njia. Mwana wa Mama Furaha alikwenda na ndala miguuni, mpaka leo hajarudi. Tangu hapo neno hilo halina maana nyingine kwetu. Mtoto akikataa kuoga anatishiwa kwamba volontere wanakuja.

Mama Furaha aliingia kwangu bila kubisha.

“Kambale, bamerudia. Banatafuta volontere.”

“Ni banani?”

“Unauliza banani? Toroka.”

Nilikuwa nasonga bugali. Kambale aliniangalia, akachukua sweta, akasema, “Dada, ninaenda kwa mama. Chukudu yangu uichunge.” Hakungoja kula. Na mtaa mzima ukafunga milango, wanaume wakaingia kwenye mashamba ya migomba ya watu wasiowajua. Jiwe la moto tulilivunja, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali kabla ya kukimbia. Sisi nasi ni wajinga, usidhani najitoa.

Asubuhi nilikwenda na Mama Furaha kuona nani wamekamatwa. Nilibeba bugali iliyobaki, nikidhani kuna mtu wa kumlisha. Tulikuta hema, viti vya plastiki na kreti za fanta. Kwenye viti walikaa wakwe za shefu, wale wale wa Gisenyi, wamevaa tisheti mpya zilizoandikwa ASANTE VOLONTERE. Madame wa ofisi alisema maneno mengi mazuri kwa Kifaransa, na shefu alitafsiri yale yaliyompendeza. Kisha Madame akauliza mwenyewe kwa Kiswahili, kwa masikitiko.

“Bengine beko wapi? Nilisikia beko bengi.”

“Madame,” shefu akajibu, “bantu ba hapa kujitolea inabashinda. Beko bavivu.”

Unaujua mdomo wangu, Mama, na umenipiga kwa ajili yake. Nimedharau watu wengi, lakini siku ile dharau ilinijaa hata mate ya kutema nikayakosa. Nilisimama.

“Madame, ile neno mulitoa wapi?”

“Neno gani, mama?”

“Volontere.”

“Ni mutu anafanya kazi kwa mapenzi yake.”

“Kwetu ni mutu anabebwa na kamiyo.”

Akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Mama Furaha hakucheka, ndipo Madame naye akaacha. Akauliza wangesema nini basi. Nikamwambia, “Mungesema bale balitengeneza njia. Bangekuya bote.” Akanipa tisheti, ati nimpelekee kaka yangu. Naishikia masufuria ya moto, na hata kwa kazi hiyo ni nyepesi mno. Jioni shefu alituma mtu aombe chukudu ya Kambale ya kurudishia viti. Nilijibu kwamba chukudu ina mwenyewe, na viti vina wakwe.

Nisalimie shangazi anayeuza ndizi mbele ya parokia, na shemeji fundi cherehani, umwambie gauni lilinibana. Baba mdogo anywe dawa.

Mama, naogopa. Huko njiani kuna vizuizi, na wale wa vizuizi ndio wenye lile neno hasa. Nasali asikutane nao. Akifika, mpe chakula kabla ya maswali, maana aliondoka na njaa. Na barua hii uifiche. Usimwambie kwamba uwanjani kulikuwa na fanta. Mwache aamini alikimbia bunduki, kwa sababu ikiwa alitembea njia yote ile kwa ajili ya tisheti, hatavunja tena jiwe kwa ajili ya mtu.

Mimi binti yako mwenye mdomo,
Kahindo