Joho Jekundu Kwenye Radi

Dada Rehema, shikamoo. Huku Geita situlii. Kitabu chako cha katuni kina nyakati tatu zinazopishana, nami nakigeuza kuwa filamu kwa kamera moja ya video.

Jana mvua ilitukimbiza hadi banda la mama muuza chapati. Akamwona kijana anayemwigiza shujaa wako, yule anayepata nguvu kila akipigwa na radi, na joho lake jekundu. "Wewe wa nguo nyekundu, baki huko huko. Utatuitia radi humu."

Mwigizaji wetu akalivua joho, akalitupa matopeni, akajikunyata kando ya jiko akitetemeka. Nikawasha kamera. Kwenye kurasa zako zote shujaa huyu hajawahi kuogopa, na mimi sikuwahi kumwamini mpaka hapo.

Nisalimie Mama, mwambie nakula. Nawe ukikasirika kwamba nimemwacha aogope, kasirika ukishaiona filamu.

Mdogo wako, Idi